Tope la Mikindani na Mti wa Kuchimbia Ming'oko

Nilipomaliza kidato cha nne Masasi, serikali ilishaacha kugawa kazi. Soko huria limeingia, kila mtu ajitafutie. Nyumbani Newala wanunuzi wa korosho walikuja na magari yao wenyewe, wakapima, wakaondoka, na mimi nimekaa tu na cheti changu. Kukaa siwezi. Niliposikia kuna mama mtafiti Mikindani anatafuta vijana wenye mwandiko mzuri, siku ya tatu nikawa mlangoni kwake.

Mama yule alikuwa anapima metali nzito baharini, kama risasi ile ya kwenye betri za magari. Maboti yalikuwa yameongezeka na alitaka kujua yanaacha nini. Alipima vitu viwili, chaza na tope. Chaza hahami. Amejibandika kwenye mzizi wa mkoko, anachuja maji yaleyale kila siku, na uchafu unabaki mwilini mwake. Tope nalo linatunza: la juu ni la juzi, la chini ni la miaka ya nyuma.

"Nitakujaribu bamvua hili moja," aliniambia. Bamvua ni zile siku chache maji yanapokupwa mbali kabisa. "Ukiweza, una kazi mwaka mzima. Ukishindwa, utarudi kwenye korosho zako."

Siku yangu ya kwanza nilipangwa na kaka mmoja wa palepale Mikindani. Yeye alikuwa anachota tope kwa kikombe cha plastiki, polepole kama anakoroga uji wa mgonjwa. Mimi nikaenda kuazima jembe. Nikachimba mashimo matano, marefu, kama ya kupanda muhogo, nikajaza mifuko, nikaandika namba vizuri. Nilimaliza yeye hajafika nusu.

"Dada, nyie wa milimani mnadhani hili ni shamba," alisema.

"Na nyie wa pwani mnasubiri lijichimbe lenyewe."

Mama alikuja, akaitazama mifuko, akalitazama jembe.

"Umechimbia hili?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nipime bahari, au nipime jembe lako? Hiki ni chuma. Halafu umechanganya juu na chini. Mwaka huu na miaka ya zamani umevikoroga pamoja."

Akamwaga mifuko yote mitano. Kaka yule hakucheka, na hapo ndipo nilipojua mambo yangu ni mabaya. Bamvua lilikuwa linaisha; ilibaki kesho tu, maana keshokutwa maji yasingekupwa ya kutosha.

Asubuhi nikajaribu kikombe. Penye mizizi ya mikoko tope limekaza, kikombe kikapasuka. Nikachuchumaa pale nimekasirika, nikaukumbuka mzizi mwingine kabisa. Kwetu tunachimba ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha. Mng'oko ukiufuata kwa haraka unakatika, kwa hiyo mama yangu huchimba pembeni kwa mti uliochongwa, anashuka nao taratibu mpaka usimame wazi wote. Nilikuwa naichukia kazi ile. Inachosha kusubiri.

Nikavunja tawi kavu, ncha nikaikwangua kwa gamba la chaza ili isiguswe na chuma. Nikachimba pembeni ya sehemu niliyoitaka, si juu yake. Tope likabaki limesimama kama ukuta mdogo, na ukiangalia unaona matabaka: jeusi, la kijivu, kisha lenye mchanga. Nikalikata tabaka moja moja kwa rula yangu ya plastiki ya shuleni, kila moja mfuko wake. Sehemu zote tano. Maji yalikuwa yananifika magotini nilipofunga mfuko wa mwisho.

Mama mtafiti aliifungua mifuko ya sehemu ya kwanza akainusa, akaipanga mezani kwa mfuatano. Akairudia mfuko kwa mfuko, mpaka nikataka kumwuliza kama na hii ataimwaga.

"Kikombe kinanipa la juu tu," alisema mwishowe. "Hapa nitajua hata hali ya kabla maboti hayajawa mengi hivi. Nani kakufundisha?"

"Mama yangu, kwenye ming'oko."

Akanipa daftari la sehemu zote anazopima, niliandike mimi. Kaka wa Mikindani akauchukua ule mti, akaugeuza geuza.

"Nami nichongee wangu, dada," alisema. "Lakini usinifokee nikichelewa."

Ijumaa nilipanda gari linalopitia Tandahimba kwenda Newala. Nilikuwa nafuata nguo zangu zilizobaki, za kukaa nazo Mikindani mwaka mzima.