Namba Sita wa Timu ya Baba

Leo binti yangu alisukwa. Msusi alipochoma ncha za nywele bandia kwa kiberiti, harufu ile ilinirudisha saluni kwa mama, kule Durban.

Nilikuwa nimekaa katikati ya magoti yake, kichwa kikiwaka kwa kuvutwa. Baba, kocha wa timu ya Wakongomani wa mtaani, alikuwa akibishana na kipa wake juu ya namba sita wao, kiungo mkabaji, ambaye alikuwa baba yangu mdogo.

"Siku hizi iko analala," kipa alisema. "Namupigia kelele kama iko mtu nyuma yake, hageuki. Katikati tunabaki wazi. Jumapili tuweke mwingine."

"Tukiweka wakabaji wawili, atasaidiwa," baba alisema.

Baba mdogo mwenyewe alikuwa ameegemea mlango, bega la kushoto likituelekea, akitazama taxi zikipita. Hakugeuka.

Mama aliendelea kusuka. "Sikio yake ya kushoto haisikie," alisema. "Tangu wale watu wa kufukuza wageni wamupige kule kwa kazi. Alinikataza kuwaambia."

Baba alitazama nywele zilizojaa sakafuni. Nilingoja machozi yanitoke, lakini sikuhisi kitu zaidi ya vidole vya mama.

"Eish," baba alisema mwishowe. "Acheze. Beki wa kulia ndiye atamuita, upande anaosikia."

Jumapili alicheza hadi mwisho. Tulifungwa, na hakuna aliyemlaumu. Tukirudi kwa miguu, wanaume wote walijibana upande wake wa kulia. Upande wa kushoto nilitembea mimi.