Lori Nyuma Yetu

Mtoto wetu wa kwanza alishikwa na kichomi wakati wa mvua, tukiishi kwenye shamba la mzungu. Mume wangu akanipakia nyuma ya baiskeli, mtoto mgongoni mwangu, gunia la kuzuia mvua juu yangu na mtoto, tukashuka kwenda hospitali ya Nakuru. Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Ukitaka kupunguza mwendo, ulikanyaga gurudumu kwa soli ya kiatu.

Katikati ya mteremko, lori la mahindi likatujia nyuma likipiga honi. Jina la dereva yule ninalo mpaka leo, lakini nitalinyamazia.

"Toka barabarani, wewe! Hii lami ni ya magari!"

"Nikitoka tunaanguka! Nimebeba mgonjwa!"

Kando kulikuwa na matope matupu. Kiatu cha mume wangu kilinuka kuungua, na lori halikupunguza mwendo. Nikajua likitugonga litaanza na mtoto. Nikatupa gunia, nikalegeza shuka iliyomfunga mgongoni, nikamzungusha mtoto mpaka kifuani, baiskeli ikiyumba.

Honi ikanyamaza. Lori likatufuata polepole mpaka chini, kisha likatupita, dereva akitoa kichwa dirishani.

"Mama, mbona hamkusema ni mtoto? Nilidhani ni mzigo!"

"Si nilikwambia mgonjwa?" mume wangu akasema.

"Aa, kila mwenye baiskeli ana mgonjwa!"

Hospitalini muuguzi aliniambia, "Mlegeze, mama, hawezi kupumua." Mikono ilikataa kufunguka, akaifungua yeye. Mtoto akakohoa, akalia, ndipo na mimi nikalia.