Kinyozi wa Jioni

Mjomba wangu ni kinyozi, ila asubuhi si kinyozi. Asubuhi ni mtu aliyeshika mashine. Ukimsalimia, anaitikia wewe umeshafika mbali. Ukimpa chai, anaitazama mpaka inapoa. Damu yake inaanza kutembea alasiri, na jua likizama mkono wake hauna mfano. Mstari wa nywele ungedhani umepigwa rula.

Mwenye nyumba ni mzee wa kumwamsha jogoo, kwa hiyo alimjua mjomba wa asubuhi tu. Siku aliyoingia kunyolewa alfajiri, alitoka sharubu moja imepanda juu, nyingine imebaki inaisubiri.

"Wewe si fundi," alisema. "Mwezi ukiisha nataka chumba changu."

Chumba kile ndicho sahani yetu. Mkaza-mjomba akamfuata mzee mpaka kwake. "Baba, njoo jioni mara moja tu. Akikosea, tunahama wenyewe."

Akaja taa zimeshawashwa. Akakaa kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni.

"Leo nakukodolea macho," alimwambia mjomba. "Hata unywele mmoja uki..."

Akalala. Kumbe jua likizama, na yeye anazama. Kichwa kikaanguka begani, mdomo wazi. Nikakishika kwa mikono miwili, mjomba akakata nywele, akachonga ndevu, huku anapiga mluzi.

Tulipomwamsha akajitazama kwenye kioo. Akageuza shavu hili, akageuza lile.

"Nani kaninyoa?"

"Mimi, mzee wangu," mjomba alisema.

"Wewe? Usinifanye mtoto. Mkono wako naujua." Akanigeukia mimi. "Binti, fundi yuko wapi?"

Nikamwonyesha mjomba kwa kidole.

"Na wewe wamekufundisha." Akajipapasa sharubu, zote mbili, taratibu. "Haya. Huyo fundi wenu wa jioni abaki na chumba. Ila wewe, nisikukute hapa asubuhi tena."

Mjomba akafungua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Sawa, mzee," mjomba alisema.

Siku hizi hatufungui mpaka alasiri. Mzee hupita alfajiri, anamkuta mkaza-mjomba anafagia mbele ya mlango uliofungwa, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Yule mvivu mlimpeleka wapi?"

"Amelala, baba," anajibu, na kuendelea kufagia.