Tambara la Kumi na Mbili

Siku alipomwona luteni kwa mara ya kwanza, muosha ndege alikuwa amepiga magoti chini ya mkia wa helikopta, akisugua chumvi. Chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya, kwa hiyo kila helikopta ya jeshi la majini ikirudi lazima iogeshwe. Luteni huyo, rubani mgeni, mwanamke mwembamba aliyebana kofia ya urubani kwapani, alisimama akamwuliza matambara yake ni mangapi. Akajibu kumi na mawili. Luteni akayahesabu mwenyewe ndooni, moja moja, kisha akasema ahsante, kaka. Mafundi wakachekea pembeni: huyu kaja kurusha ndege au kufua?

Kicheko hakikudumu. Katika miaka sita luteni alizoea kutua juu ya meli inayoyumba, na mwaka mmoja wa dhoruba aliwaopoa mabaharia tisa kutoka meli ya mizigo iliyokuwa inazama, mmoja mmoja, kwa kamba. Muosha ndege aliyasikia hayo kwa mafundi tu. Alikuwa mtu wa haya. Shuleni, alikoishia darasa la saba, hakuwahi kunyoosha mkono hata jibu alipolijua. Mazungumzo yake na rubani yalikuwa swali moja kila asubuhi: mangapi?

Ikaja asubuhi ya kumrusha mkuu wa jeshi. Kambi nzima ilijua kwamba safari ile ikienda sawa, rubani atakabidhiwa kikosi. Injini ilikwisha kuanza kunguruma muosha ndege alipohesabu matambara akapata kumi na moja. Akahesabu tena. Kumi na moja. Tambara moja tu likinaswa ndani ya injini, injini huzimika angani. Akaenda kusimama mbele ya kioo cha helikopta, akanyoosha mkono.

Rubani akazima injini bila kuuliza. Mafundi wakafungua kila kifuniko, saa nne nzima, wasione kitu. Mkuu akaondoka kwa gari, uso kaukunja.

Jioni, nyumbani, mke wa muosha ndege alifungua kikapu cha chakula cha mumewe akatoa chupa ya chai iliyozungushiwa tambara.

"Baba watoto, na hili nalo nifue?"

Hakula. Kesho yake asubuhi na mapema akaliweka mezani kwa rubani, akasema ni yeye, alifungia chupa yake ya chai akasahau. Akangoja kufukuzwa. Rubani alilitazama, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba tambara limepatikana nje ya helikopta, na kwamba uamuzi wa kuzima injini ulikuwa wake mwenyewe. Muosha ndege hakutajwa popote.

Kikosi alipewa mwingine. Rubani akaruka miaka minane zaidi, akafundisha wenzake, akastaafu na cheo alichokuwa nacho siku ile. Habari ya tambara hakuigusa tena. Muosha ndege naye alihesabu mara tatu kila siku, na kila mara alijiuliza: likikosekana tena, atathubutu?

Siku ya kurudisha kofia, rubani alipita kwenye banda la helikopta amevaa kiraia, akainama ndooni, akahesabu. Kumi na mawili. Muosha ndege akaanza kumwomba radhi kwa siku ile. Rubani akamkatiza.

"Kaka, likikosekana tena, nyoosha mkono vilevile. Hata kama unahisi liko kwenye chai."