Pengo la Namba Saba

Mume wangu anafua jezi za timu ya mji wetu, na kwa sababu hiyo mji mzima unajiona una haki ya kumsimamisha njiani na kumuuliza maswali. Miaka ishirini na moja sasa. Wachezaji wanamwita Povu, na siku akiniudhi hata mimi namwita hivyo. Wamepita makocha tisa, wamepita wenyeviti sijui wangapi, yeye yuko palepale nyuma ya jukwaa dogo, kwenye chumba chenye masinki mawili ya saruji na dirisha lisilofungika, anasugua tope la watu wengine.

Mikono yake ilinichosha mimi kabla haijamchosha mwenyewe. Dawa ya madoa imekula ngozi ya vidole, viungo vimekaza, na kila asubuhi namfunga vifungo vya shati. Anainua kidevu, anatazama ukutani, anapiga mluzi kidogo kana kwamba mimi ndiye niliyeomba kazi hiyo. Binti yetu mkubwa alishatutengea chumba nyumbani kwake. Kila akipiga simu ananiuliza tunakuja lini, nami namjibu baada ya msimu. Misimu mitano imeisha, na mwanangu siku hizi anauliza kwa adabu tu, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa asiyepona.

Kilichotukwamisha ni Mwiba. Huyu ndiye namba saba, winga wa kulia, kipenzi cha mji. Alikuja akiwa na miaka kumi na minane na jozi moja ya viatu, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimkaushia viatu hivyo baada ya kila mazoezi. Nikimwambia mzee apumzike, jibu lake ni moja: Mwiba akiondoka, na yeye anaondoka. Watu huapa kwa Mungu. Wangu aliapa kwa winga wa kulia.

Sasa nieleze kuhusu kamba, maana balaa lote lilianzia kwenye kamba. Zamani sana jezi ya beki mmoja ilipotea, kocha akamtukana mume wangu mbele ya watu. Tangu siku hiyo anaanika kwa namba, kuanzia moja mpaka ya mwisho, na jezi isipokuwepo hasogezi nyingine kuziba. Anaacha pengo na vibanio viwili vitupu, ili asisahau kuitafuta. Kamba yenyewe inaonekana kutoka barabarani, kupitia uzio wa waya. Kuna mwaka golikipa aliuzwa, na mashabiki waliona pengo la namba moja siku mbili kabla ya klabu kutangaza. Baada ya hapo kamba ya mume wangu ikaaminika kuliko msemaji wa klabu.

Jumapili ile beki wa timu pinzani alimvuta Mwiba jezi mpaka ikachanika kuanzia kwapani hadi kiunoni. Jumatatu asubuhi mume wangu akaniletea niishone. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kwenye baraza linalotazamana na ofisi ya klabu. Nikaitia kwenye kikapu, chini ya sketi mbili za shule, nikaendelea na kazi za waliotangulia.

Tayari minong'ono ilikuwepo kwamba kuna klabu ya nje inamtaka Mwiba, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa. Basi saa sita mchana kinyozi wa kona akapita pale uwanjani, akatupa jicho kwenye kamba. Tano, sita, nane. Akasimama, akahesabu tena. Kufikia saa kumi mji mzima ulikuwa na habari, na jioni redio ikatangaza kwamba kwa mujibu wa vyanzo vya kuaminika Mwiba ameshauzwa. Vyanzo vyenyewe vilikuwa vibanio viwili.

Mume wangu hakukaa kimya, nimtetee kwa hilo. Alimwambia kinyozi waziwazi kwamba jezi iko kwa mke wake inashonwa. Kinyozi akamkonyeza. Akasema anaelewa, kazi ni kazi, kama ameambiwa asiseme basi asiseme. Na Mwiba mwenyewe alikuwa amezima simu na hayupo mazoezini, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza. Jumanne wanaume wazima walikuwa wanalia mbele ya ofisi, wengine wamelala chini getini, wanaomba asiachiwe. Mmoja alikuja kwangu nimtolee namba saba mgongoni mwa jezi yake. Nikamwambia arudi Jumamosi, hasira ni hasara.

Jumatano nikarudi nyumbani nikamkuta mume wangu amekaa kitandani, naye ameshaamini.

"Jezi yenyewe hii hapa, nimeimaliza leo," nikamwambia, nikamtolea.

"Hiyo ni jezi," akasema. "Mimi nazungumzia mtu. Lisemwalo lipo, mama watoto. Hata redio imesema."

Nilitaka kucheka. Yule aliyeniletea jezi kwa mkono wake, leo anapewa habari ya jezi hiyohiyo na redio, na anaiamini redio. Lakini kicheko kilinikwama, kwa sababu alisema nichukue kalamu. Vidole vyake havishiki kalamu vizuri, kwa hiyo yeye alisema, mimi nikaandika. Mistari mitatu: ametumikia klabu kwa miaka ishirini na moja, umri umekwenda, anaomba kupumzika. Sahihi akaweka mwenyewe, pole pole.

Sitaficha, nilifurahi. Mji mzima una msiba, mimi nashona huku nahesabu sufuria za kuhama nazo na zile za kugawa kwa majirani. Alhamisi nikaenda kuipeleka barua kwa katibu wa klabu, kwa kuwa ofisi iko mbele ya baraza langu na mume wangu alisema hana moyo wa kuipeleka mwenyewe. Sikuweza kupita. Geti lilikuwa limefungwa, watu wameketi chini hadi barabarani na mabango yao, katibu amejifungia ndani. Nikarudi na barua kwenye mkoba.

Ijumaa saa nne asubuhi Mwiba akasikika redioni. Alikuwa ameenda kumuuguza mama yake. Simu alizima ili mgonjwa apate usingizi. Hajauzwa, hakuwahi kusema anaondoka, na sasa amesaini miaka miwili mingine. Akamaliza kwa kusema mashabiki ni familia yake. Ungesikia kelele zilizopigwa. Cherehani yangu ilitikisika.

Mashabiki hawakuridhika na redio. Walikimbilia kwenye kamba kuhakikisha, na kweli, namba saba ilikuwa imeshaanikwa mahali pake. Uzio ukasukumwa mpaka ukalala. Kila mtu alitaka picha ameshika mkono wa jezi, na katika kuupata mkono huo wakapindua mabeseni, wakakanyaga bukta na soksi za timu nzima kwenye matope. Nilikuwa nimewafuata, nikaona yote. Mume wangu alisimama pembeni anapiga makofi kama wengine. Walipoondoka wakiimba, akainama, akaokota moja moja, akaanza kufua upya. Hakuna aliyegeuka kumsaidia, na wala hakutegemea.

Alirudi nyumbani alasiri, amelowa hadi kiunoni, na uso ambao sijauona tangu tufunge ndoa.

"Amebaki," akasema.

"Nimesikia."

"Basi ile barua usiipeleke. Msimu mmoja tu, mama watoto. Mmoja."

Alikuwa anajaribu kufungua kamba za viatu na vidole vinakataa. Barua ilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, ndani ya mkoba wangu, chini ya futi ya kupimia. Katika maisha yetu nimemficha mambo madogo madogo, bei ya kitambaa, maneno ya dada yake, lakini uongo mkubwa sikuwahi kumwambia. Nikapiga magoti nikamfungua viatu.

"Nimeshaipeleka jana," nikasema.

 Akacheka, akanigusa bega kama anayenipoza mimi. Akasema hakuna neno, watakataa tu. Nani mwingine anajua doa la nyasi linatokaje kwenye kitambaa cheupe? Watamwita wenyewe, na wakimwita atakubali, ila atajifanya anafikiria kwanza.

Jumamosi asubuhi nikamwambia naenda kusikia jibu, nikaipeleka. Geti lilikuwa wazi, na ndani vijana wawili walikuwa wanachora bango la kumshukuru Mwiba kwa kubaki. Katibu alikuwa mezani anatazama picha za jana kwenye simu. Akaipokea barua, akaisoma kwa pumzi moja, akaiweka juu ya karatasi nyingine.

"Sawa," akasema. "Mwambie asante. Ufunguo auache kwa mlinzi."

Nikabaki nimesimama. Akainua macho.

"Kuna kingine, mama?"

"Hakuna," nikasema.

Kitu nilichokuwa nakililia misimu mitano nimekipata, na kilikuwa kichungu mdomoni. Sikutaka katibu akubali upesi vile. Nilitaka kwanza akatae, aseme hata mara moja, hapana, Povu haondoki, halafu mimi nipigane naye. Siku nne nzima mji ulimpigia magoti mtu ambaye hakuwa anakwenda popote. Na huyu aliyekuwa anakwenda kweli, alichodaiwa kilikuwa ufunguo tu. Nilitembea kuelekea nyumbani nimekasirika mpaka nikapita kona yangu, ikabidi nirudi nyuma.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Alikuwa ameshaoga.

"Wamesemaje?"

Wanasema njia ya mwongo fupi, lakini ile ya kutoka ofisini ilinitosha kupanga maneno.

"Katibu alisimama," nikasema. "Alishika kichwa. Alisema timu itaingia uwanjani na matope ya wiki iliyopita. Alisema, mwambie abaki, mama, nakuomba, hata msimu mmoja."

Akakunja uso kidogo. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia umechoka. Ufunguo nitaurudisha mimi Jumatatu."

Nilijiandaa kwa hasira. Nilikuwa na majibu, nilikuwa na jina la binti yetu mdomoni. Hakukasirika. Alitazama barabara, watu walikuwa bado wanapita na bendera, akawatazama mpaka wakaisha.

"Ni kweli," akasema. "Nimechoka sana."

Neno hilo sijawahi kulisikia kwake kwa miaka ishirini na moja. Nikageuka niingie ndani, kwa sababu sikutaka aone macho yangu, akaniita.

"Alisimama kweli?"

"Alisimama."

"Yule katibu, huyu tunayemjua?"

"Huyohuyo."

Akasogea pembeni ya kiti, akanipa nafasi.

"Hebu kaa. Nielezee tena alivyosema."

Nikakaa, nikaanza tangu mwanzo, na safari hii katibu akatoa na machozi.