Nilimzika mume wangu kwenye maji, na leo hapo ni njia ya baiskeli

Nyinyi vijana mnaopiga picha na baiskeli zenu kwenye ile njia mpya ya kijito, kule chini ya Daraja Mbili, pamoja na wakuu wengine wote wa humu, nawasalimu.

Mimi ni nyanya. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hivyo mkikuta makosa ya kuandika, yapiteni. Habari yenyewe haina kosa. Sikusimuliwa na mtu. Niliyafanya mimi.

Mnajua pale mtaro mkubwa unaposhuka kutoka mjini na kupita chini ya njia, penye ukuta wa mawe yaliyofungwa na waya?

Hapo ndipo nilipomzika mume wangu.

Tulieni niwaeleze.

Shamba letu linaanzia juu kwenye nyumba, linateremka na migomba hadi kijitoni. Huko chini kulikuwa na kipande cha nepia, nyasi za kulisha ng'ombe. Kidogo tu, ukitupa jiwe linavuka. Mume wangu Onchari alisema ni chetu. Mdogo wake Momanyi, tuliyepakana naye, alisema ni chake. Kila mvua ikinyesha, nepia ya Momanyi ilisogea hatua moja upande wetu. Mimi nang'oa, yeye anapanda.

Onchari hakuwa mtu wa vita. Alikuwa akiniambia, "Mwachie. Hiyo ni nyumba ya vyura."

Kifua kilipomlemea, alikaa kwenye benchi nje ya nyumba akasema mbele ya mtoto wetu Ombati, "Mtanilaza hapa kando ya mlango, niwe nawasikia mkigombana." Tukacheka.

Na kwetu Wagusii hilo hata si la kuomba. Mwanamume hulazwa upande wa kulia wa nyumba yake, mke upande wa kushoto. Mtoto mdogo anajua.

Akafa.

Sasa mimi nikafikiria yangu. Huku kwetu kaburi lina nguvu kuliko hati. Karatasi inaweza kupotea afisini, lakini mahali mtu wako amelala, nani atakutoa? Nikasema Onchari azikwe chini kabisa, katikati ya ile nepia.

Ombati alikataa. "Mama, huko maji iko karibu. Na baba alisema mlangoni."

"Baba yako hakujua kupigania kitu," nikamjibu. "Sasa atapigania."

Nilisema hivyo na mwili ukiwa bado mochari. Mnisome vizuri.

Wachimbaji walipofika kimo cha kifua, maji yakaanza kutoka. Wakaniita. Nikateremka, nikatazama, nikawaambia wateke na ndoo, wamwage mchanga, waendelee.

Jeneza liliposhuka lilitoa sauti ambayo jeneza halitakiwi kutoa. Kwaya ikasikia. Ikaimba kwa nguvu zaidi.

Momanyi alikuwa upande wa pili wa shimo. Akaniambia mbele ya watu, "Shemeji, umemfanya ndugu yangu kigingi cha mpaka?"

"Kigingi huwa hakiongei," nikamwambia. "Wewe ndiye unaongea."

Kuna waliocheka. Nikaona nimeshinda.

Na kweli, nepia haikusogea tena. Miaka ikaenda hivyo.

Halafu wakaja watu wa njia. Injinia wao alikuwa msichana mwenye gambuti za tope miguuni, mwenye adabu. Akatueleza kwamba wanajenga njia ya miguu na baiskeli, ifuate kijito ipite katikati ya mji, ili watoto wa shule na akina mama wa ndizi wasipigwe na malori. Sikuona ubaya. Nimebeba ndizi kichwani kando ya lami tangu nikiwa msichana. Najua upepo wa lori likikupita karibu na sikio.

Akavuta kamba yake ya kupimia kutoka ukingo wa maji, akapanda hadi kwenye migomba, akapiga kigingi chekundu. Kaburi likabaki upande wa chini, ndani.

"Mong'ina," akaniambia, yaani mama kwa lugha yetu, "kutoka hapa kwenda chini kisheria ni sehemu ya mto. Si yako, si ya jirani. Hata kabla ya njia haikuwa yenu."

Momanyi alikuwa amesimama hapo hapo. Tukatazamana.

Nikamwomba yule msichana apindishe njia. Akafikiria sana.

"Njia naweza kupindisha, mong'ina. Maji siwezi." Mtaro wa kutoka mjini ulikuwa lazima ushukie pale pale.

Kumchimbua mtu kwetu ni jambo la kutetemesha. Wazee walitaka kondoo wa kutakasa. Pasta alitaka maombi peke yake. Nikakubali yote mawili. Wangeniambia nitembee kwa magoti hadi Ogembo, ningeenda. Karatasi za ruhusa zikapatikana, siku ikafika.

Vijana walioitwa kuchimba walifika kwenye tope wakasita. Momanyi akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Hakuna aliyemtuma. Maji yalimfika magotini.

Walinikataza nisikaribie. Nikakaribia.

Mbao zilikuwa laini kama ugali wa jana. Mengine siandiki. Nitawaambia kimoja tu: niliona koti lake la kahawia, lile la kanisani, limejaa tope. Momanyi alipoliinua, chura akatoka chini yake. Hakuruka hata. Alitoka polepole, kama mwenye nyumba.

Nikakaa chini kwenye nyasi.

"Shemeji, nenda nyumbani," Momanyi akaniambia kutoka ndani ya shimo. "Mimi nitamleta."

Akamleta. Tukamlaza juu, kulia kwa mlango, penye benchi yake.

Njia imeisha. Ni nzuri, sitawadanganya. Kila Sabato naipita nikienda kanisani. Watu wa baiskeli wananisalimia, "Bwakire, mong'ina," naitikia. Nikifika kwenye mtaro naangalia mbele.

Ombati ananiletea chai kila asubuhi, ananiuliza kama nimelala vizuri. Lakini habari ya baba yake hajawahi kuitaja mbele yangu tangu siku ile ya kumchimbua. Jina tu, hataji. Nilidhani itapita. Haipiti.

Nilichojifunza ni kifupi. Mtu aliyekufa si ua wa shamba. Alikuambia anataka kulala wapi, mlaze hapo, hata kama jirani atakula shamba lote.

Najua humu wako wengine waliofanya kama mimi, kwa sababu ya mpaka. Andikeni hapa chini. Anayetaka kunitukana pia aandike, miwani ninayo, nitasoma.

Juzi nilimwita Ombati, mke wake, wajukuu wote, na Momanyi nikamwita. Nikawapeleka kushoto kwa mlango, nikachora chini kwa fimbo. Nikawaambia:

"Mimi nilazeni hapa. Shimo likiisha, Momanyi ashuke, aguse chini kwa mkono wake. Akisema kuna maji, kwaya inyamaze. Mlifukie shimo, mchimbe lingine."