Sikio Lililopasuka la Kamasikio

Katika filamu yenyewe Kamasikio hakuwa na jina, wala hakutamka neno hata moja. Alikuwa kiumbe mdogo wa katuni, mkazi wa sayari ya mbali, mwenye masikio marefu na kazi ya kupakia mizigo ya mashujaa kwenye chombo chao cha angani. Jina na sauti alipewa na Pacifique, mkimbizi wa Kivu Kusini, Kongo, mwenye kibanda cha video katika kambi ya Nakivale, Uganda. Pacifique aliketi kando ya televisheni na maikrofoni, akiwafasiria watazamaji yaliyosemwa. Yasiyosemwa aliyatunga.

"Mimi njo nabebaka byote," Kamasikio alilalamika kwa sauti ya puani, "na saa ya kula hakuna mwenye ananiita."

Watu walicheka hadi mabenchi yakatetemeka. Mashujaa hawakuwa na shabiki pale. Watu walimfuata Kamasikio.

Mama Georgette, aliyeuza mihogo ya kuchemsha nje ya kibanda, hakukosa onyesho. Alicheka kuliko wote, mpaka sehemu ile ambapo adui anashambulia, Kamasikio anarudi kuchukua mzigo wa mwisho, na chombo kinaruka bila yeye. Filamu haimwonyeshi tena.

Mwanawe Néhémie alikuwa na miaka tisa walipokimbia kijiji chao karibu na Fizi mwaka 1998. Alirudi kuwafungua mbuzi, na kundi la watu waliokuwa wakikimbia halikungoja. Wenzake wa kanisani walimshauri Georgette aweke matanga. Alikataa. Mtu aliye njiani haliliwi, alisema.

Siku moja alibaki wengine walipotoka.

"Papa Pacifique, ule mudogo banamuacha fasi gani?"

Pacifique alitaka tu mama asiondoke na machozi. "Batarudi kumukamata, mama. Mu partie ya pili."

Tangu hapo aliitia ahadi hiyo, kwamba mashujaa watarudi kumchukua, mwishoni kila alipoonyesha filamu ile.

Mwaka 2009 sehemu ya pili ilifika mjini Mbarara. Pacifique alikwenda kwa Asuman, muuzaji wake wa diski.

"Iko, ssebo. Imekuja juzi."

"Ule mudogo wa masikio iko ndani?"

"Mimi nauza tu. Weka uangalie."

Aliitazama yote amesimama. Kamasikio hakuwemo, waliomchora walikuwa wamemsahau. Ila mwishoni palikuwa na sherehe na umati wa viumbe wa aina yake, na Pacifique akaona pa kuuficha uongo wake.

Jumamosi mchana kibanda kilijaa. Sherehe ilipofika, alipaza sauti: "Mumuone kule nyuma! Kamasikio anafika!"

Watu wakapiga makofi. Georgette aliinuka, akasogea hadi kwenye kioo cha televisheni.

"Haiko ye."

"Mama Georgette, kaa, tunaona mugongo yako tu," mtu akamtania. "Hawa bote banafanana."

"Kwako. Ule wetu alikuwa na sikio moja ya kupasuka."

Ilikuwa kweli. Pacifique alikuwa amemsemea mwaka mzima bila kuliona. Akazima maikrofoni.

"Ulisema batarudi kumukamata," Georgette alimwambia.

"Nilisema mimi, mama. Filme haikusema."

Mama aliitikia kwa kichwa, akatoka, akajitwika kapu lake la mihogo.

Wiki iliyofuata alimwomba mchungaji amsaidie kuweka matanga ya Néhémie. Waombolezaji waliketi kwenye turubai nje ya nyumba yake. Ilipofika zamu ya kumzungumzia marehemu, hapakuwa na aliyemjua. Georgette akamgeukia Pacifique.

"Musemee. Wewe njo unajua kusemea batu."

Pacifique alisimama. Sauti ya puani ndiyo pekee iliyomjia, akaimeza.

"Mama, alikuwa anasema namna gani?"



"Pole pole," Georgette alisema. "Na kitu kimoja alikuwa anauliza mara mbili. Ile asubuhi aliniuliza mara mbili kama mbuzi nazo zitaenda."

Kisha akalia, na wanawake wakasogea karibu naye. Pacifique akaketi.